Sauti ni ya nani? Albamu ya kwanza ya Technotronic na binti wa Kinshasa ambaye klipu ilimficha



Leo sitaongea juu ya mihogo wala juu ya kutafuta kazi. Nitaongea juu ya muziki, lakini musiwe na haraka, mbele kidogo mutaona kama tuko palepale kwenye maisha yetu. Kuko wimbo mmoja ambao dije wa harusi anautoa saa ile anataka kuamsha baba na mama kwenye viti. Unaitwa "Pump Up the Jam", na kundi lenye kuutoa linaitwa Technotronic. Watu wengi wanafikiri ni Wamarekani. Hapana. Kundi ni la Ubelgiji, na sauti yenye kusikika ndani ni ya binti aliyezaliwa Kinshasa. Tena, yule mwanamke mwenye lipstiki ya buluu mwenye munamuona kwenye klipu, si yeye anaimba. Naye vilevile ni mtoto wa Zaire ya wakati ule. Mkongomani mmoja alitoa sauti, Mkongomani mwingine akatoa sura, na dunia yote ikacheza bila kujua majina yao.

Nitaeleza mambo matatu: albamu ile ilitengenezwa namna gani, nyimbo zake zilifika wapi, na juu ya nini habari hii inatuhusu sisi wenye diploma mkononi.

Mwalimu wa filozofia na mashine zake

Technotronic haikuanza kama kundi la marafiki wanne wenye gitaa. Ilianza na mtu mmoja ndani ya studio: Jo Bogaert, Mbelgiji aliyefundisha filozofia mbele ya kuingia kabisa katika muziki. Kwenye karatasi za albamu alitumia jina la Thomas De Quincey, jina la mwandishi mmoja Mwingereza wa zamani. Yaani hata prodyuza mwenyewe alijificha kidogo, lakini yeye alijificha kwa kupenda.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana wa Ubelgiji walikuwa wanacheza muziki wao wenyewe wenye kuitwa new beat. Inasemwa ulizaliwa kwa mchezo tu: dije mmoja wa Antwerp alichukua sahani yenye kupaswa kuzunguka mara 45 kwa dakika, akaizungusha kwa 33. Wimbo ukawa mzito, mpole, wa giza, na watu wakaupenda vile. Wakati uleule, Chicago, Marekani, weusi walikuwa na muziki mwingine, house, wenye kukuzwa na madije kama Frankie Knuckles katika disko la The Warehouse. Kiisha warepa wa kule wakaanza kusema maneno yao juu ya house, na ndoa ile ikaitwa hip house. Kazi ya Bogaert ilikuwa kuchukua mashine za Ubelgiji, mwendo wa Chicago na maneno ya rap, na kuvitia katika chungu kimoja.

Mimi ni mtu wa agronomia, kwa hiyo nitaeleza wimbo kama vile ninaelewa shamba. Chukua shamba la mseto, lile mama zetu wanalima bila kungoja profesa. Kuko mahindi, kuko maharage yenye kupanda juu ya mahindi, kuko maboga yenye kufunika udongo. Kila mumea uko na urefu wake na kazi yake, hakuna wenye kunyanganya mwenzake jua. Wimbo wa house unajengwa vile. Chini kabisa kuko ngoma nzito yenye kupiga mara nne katika kila kipimo, bila kuchoka, karibu mapigo 125 kwa dakika. Ni zaidi kidogo ya mapigo mawili kwa kila sekunde, kama moyo wa mtu mwenye kupanda mlima. Katikati ya ngoma ile kuna visahani vyenye kuita mguu wa pili. Juu yake kuna besi yenye kurudia maneno machache tu, na kinanda cha umeme chenye kukatakata sauti.

Sauti ya mtu njo maharage ya shamba hili: inapanda juu ya mti wenye kusimama tayari. Bila mahindi inatambaa chini; bila maharage, mahindi yanasimama lakini udongo unachoka. Ukisikiliza vizuri utasikia tena ujanja mwingine: prodyuza anatoa ngoma kwa sekunde chache, masikio yanabaki na njaa, kiisha anairudisha, na watu wote wanapiga kelele.

Binti mwenye sauti

Sauti ile ni ya Manuela Kamosi, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1972. Alifika Ubelgiji akiwa bado mtoto, akaishi tena muda fulani Chicago, na kule masikio yake yalishiba house na hip-hop. Kurudi Ubelgiji, akaingia katika vijana wa rap wa Antwerp, akajiita Ya Kid K. Wakati wimbo unatoka, mwaka 1989, alikuwa msichana wa miaka 17. Umri wa mtu mwenye kungojea matokeo ya egzameni ya Serikali.

Musimusahau katika nafasi hii: hakuwa tu mtu wa kukodisha koo. Maneno yanahesabiwa kwake. Kati ya watunzi wa "Pump Up the Jam" jina la Kamosi liko pembeni ya lile la Bogaert. Na namna yake ya kusema, nusu kuimba nusu kuamuru, bila kubembeleza mtu, njo ilifanya wimbo ule usifanane na nyingine za disko za miaka ile, ambamo mwanamke alipewa kila mara kazi ya kulia mapenzi. Yeye halii. Anatoa amri, na watu wanasimama.

Wala si yeye peke yake. Marie Daulne wa Zap Mama alizaliwa Isiro. Baloji alizaliwa Lubumbashi. Leki, mdogo wake Manuela, akawa naye mwimbaji kule. Watoto wa Kongo wamekuwa ndani ya muziki wa Ubelgiji kwa miaka mingi, mara kwa jina, mara bila jina.

Albamu yenye nyimbo zenye kuzaa

"Pump Up the Jam: The Album" ilitoka mwishoni mwa mwaka 1989, na nyimbo kumi ndani. Kwa kawaida, albamu ya dansi ya wakati ule ilikuwa na wimbo mmoja wa nguvu na tisa za kujaza nafasi. Ile ya Technotronic ilizaa tena na tena. Tuhesabu pamoja.

Wimbo wa kwanza, "Pump Up the Jam", ulifika nafasi ya 2 Uingereza mwishoni mwa 1989, na nafasi ya 2 Marekani katika Januari 1990. Kwa wimbo wa house, tena wenye kutoka Ubelgiji, jambo hili halikuwa dogo: radio nyingi za Marekani zilikuwa bado zinaona house kama muziki wa usiku, wa watu wachache. Mara moja ukaingia sebuleni kwa kila mtu.

Wa pili, "Get Up! (Before the Night Is Over)", ulifika vilevile nafasi ya 2 Uingereza mwanzoni mwa 1990, na ya 7 Marekani.

Wa tatu, "This Beat Is Technotronic", ulipewa sauti ya kiume, MC Eric, mrepa wa Cardiff kule Wales. Uliingia katika ishirini za kwanza Uingereza.

Wa ine, "Rockin' Over the Beat", ukamurudisha Ya Kid K, ukafika nafasi ya 9 Uingereza.

Albamu yenyewe ikapanda mupaka kumi za kwanza Marekani. Mwaka uleule wa 1990, Madonna akachukua Technotronic kwa kufungua maonyesho ya safari yake ya Blond Ambition. Fikiria tu: mwaka mmoja mbele hakuna mtu aliwajua, sasa wanasimama kwenye viwanja mbele ya watu maelfu, na Ya Kid K njo mwenye mikrofoni.

Kuko wimbo wa tano, "Move This". Huu ninauweka pembeni kwanza. Tutaurudilia, juu ndani yake njo kuko funzo kubwa.

Sura ya kukodisha

Sasa tuje kwenye lipstiki ya buluu. Wakati "Pump Up the Jam" inatoka, kwenye picha na klipu waliweka mwanamitindo mwenye kuitwa Felly, naye wa asili ya Zaire. Anacheza, anafungua midomo, anafananisha maneno. Na kwenye sahani waliandika wazi: Technotronic pamoja na Felly. Mtu mwenye kununua aliona sura, akasoma jina, akasikia sauti, na akili yake ikaunganisha vyote vitatu kuwa mtu mmoja. Ni jambo la kawaida. Hata mimi na wewe tungeunganisha vile.

Juu ya nini walifanya vile? Biashara ya dansi ya Bulaya ilikuwa na kawaida hiyo. Prodyuza anatengeneza wimbo studio, anachukua sauti yenye nguvu, kiisha anatafuta mwili wenye "kuuzika" kwa ajili ya televisheni. Manuela alikuwa anavaa kofia na nguo pana za hip-hop. Soko lilitaka mwanamke wa jarida la mitindo. Kwa soko ile, sauti na sura vilikuwa vipuri viwili, kama injini na rangi ya motokari.

Hawakuwa peke yao. Mwaka uleule 1989, kundi la Italia, Black Box, lilikamata nafasi ya kwanza Uingereza kwa "Ride on Time": mwanamitindo Katrin Quinol kwenye klipu, lakini sauti ilichotwa katika wimbo wa zamani wa Loleatta Holloway wa Marekani. Albamu ya Black Box ikatumia tena sauti ya Martha Wash, bila sura yake. C+C Music Factory nao wakamutumia Martha Wash katika wimbo wao mkubwa wa 1990 na kuonyesha mwanamke mwingine kwenye klipu. Mama huyu hakunyamaza. Alikwenda mahakamani, na kelele ya kesi zake ilisaidia kampuni za rekodi kuanza kuandika wazi ni nani anaimba. Katika Novemba 1990, Milli Vanilli wakapokonywa zawadi yao ya Grammy juu ilijulikana hawakuimba hata neno moja kwenye albamu yao.

Nisieleweke vibaya: Felly si mwizi. Alikuwa mwanamitindo, akaitwa kufanya kazi ya mwanamitindo, akaifanya, na vizuri. Dada wawili wa nchi moja hawakugombana juu ya mkate. Wenye kupanga meza ni wengine. Mara nyingi sisi tunaanza kurushiana mawe kati yetu, na mwenye kuandika mkataba anakaa kwenye kivuli anatuangalia.

Kwa bahati, ukweli haukukawia. Kwenye "Get Up!", jina la Ya Kid K likaandikwa, na kwenye klipu akaonekana yeye mwenyewe, na kofia yake na nguo zake pana. Kumbe watu hawakukimbia! Wimbo ulifika nafasi ileile ya 2 kule Uingereza. Hesabu ya wale waliosema "sura hii haitauzika" ilianguka palepale.

Mufuko wa mbegu bila etiketi

Hapa ninarudia agronomia. Mufuko wa mbegu zilizohakikishwa unapaswa kuwa na etiketi: aina ya mbegu, loti, mwaka, na nani alizizalisha. Mukulima hawezi kufungua punje ya maharage na kuona ndani yake. Anaamini etiketi. Ukiweka etiketi ya aina moja juu ya mufuko wenye aina nyingine, mbegu itaota, ndiyo, na labda itazaa vizuri. Lakini musimu wenye kufuata mukulima atakwenda kutafuta jina lenye kuandikwa, na mwenye kuzalisha kweli atabaki na ghala yake imejaa. Uwongo wa etiketi hauharibu mavuno ya leo. Unaharibu ya kesho.

Wengine watasema: shida iko wapi, kama feza inalipwa? Feza ya kazi moja inakwisha. Jina njo linaleta kazi ya pili. Angalia: kwa jina la Ya Kid K, aliitwa na Hi Tek 3 kwa "Spin That Wheel", wimbo wenye kusikika katika filamu ya Teenage Mutant Ninja Turtles ya 1990. Mwaka 1992 akatoa albamu kwa jina lake mwenyewe, "One World Nation". Kwa sura ya mwingine, simu ile ingelia kwa nani?

Sasa turudilie "Move This". Wimbo huu ulikuwa ndani ya albamu toka 1989, umelala kimya. Kiisha kampuni ya vipodozi Revlon ikauchukua kwa tangazo la televisheni. Mwaka 1992, miaka karibu mitatu baada ya albamu kutoka, ukapanda mupaka nafasi ya 6 Marekani. Katika masomo yetu tunaita hali ile usingizi wa mbegu: punje iko nzima, iko hai, lakini inangoja maji na joto la kuifaa. Hakuna mtu aliyejua siku. Na siku ile inafika, mbegu haikuulizi kama uko tayari; inaota kwa jina lenye liko kwenye etiketi. Kwa hiyo jina linaandikwa siku ya kupanda. Siku ya kuvuna, umechelewa.

Na sisi?

Baada ya lisansi, mimi na wenzangu watatu tulipita vijiji kwa wiki nyingi, tukihesabu mashamba yenye ugonjwa wa mozaiki ya mihogo. Tulilala kwa wenyeji, tulivuka mito, tulijaza fomu mupaka usiku. Raporo ilitoka nzuri sana, na jalada la rangi, na majina ya watu ambao udongo wa mashamba yale haukugusa viatu vyao. Yetu hayakuwamo, hata katika mistari ya kushukuru. Tulilipwa? Ndiyo, tulilipwa. Lakini kila mara mwenye kutoa kazi anapouliza "uzoefu wako uko wapi?", hatuna karatasi ya kumuonyesha. Ofisi ile siitaji, juu si moja tu yenye kufanya vile, na munazijua.

Tuko wengi katika hali hii: mwenye kuandika memwari ya mwingine, mwenye kutengeneza programu ya duka la tajiri, mwenye kupiga picha zenye kuzunguka kwenye simu bila jina, mwenye kuimba kori studio kwa ajili ya nyota wa mtaa. Sisi njo sauti. Sura ni ya mwingine.

Nchi yetu haikosi sheria. Toka tarehe 5 Aprili 1986 kuko ordonansi-loi namba 86-033 juu ya haki za watunzi na haki jirani, yaani za waimbaji na wapigaji. Kuko na SOCODA kwa kukusanya haki hizo. Katika mapokeo ya sheria tuliyopata kutoka Ubelgiji na Ufaransa, kuko haki mbili zisizofanana: haki ya feza, ambayo unaweza kuuza, na haki ya jina, ambayo inabaki kwako hata kama umeuza feza yote. Wengi wanajua ile ya kwanza tu.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, haya mambo ine ni madogo lakini yanalinda:

1. Mbele ya kuanza kazi, uliza kwa heshima: "Majina yetu yataandikwa wapi?" Uliza siku ileile munaongea bei. Si dharau, ni kazi.

2. Omba iandikwe. Hata ujumbe wa simu wenye tarehe ni bora kuliko neno la mdomo chini ya mwembe.

3. Linda alama zako: rasimu, rekodi ya kwanza, picha za mtihani, daftari la shamba. Siku ya ubishi, ni hizo zinaongea.

4. Na wewe ukiwa siku moja mwenye kupanga meza, uandike majina ya wadogo zako. Tusifanye kwa wengine lile tulilolilia.

Kwa ile albamu, ninawaomba jambo rahisi. Wimbo ukipigwa kwenye harusi, na watu wakisimama, mwambie mwenye kucheza pembeni yako: mwenye kuimba anaitwa Manuela Kamosi, wa Kinshasa. Na yule wa kwenye klipu anaitwa Felly. Ni sekunde tano tu, ngoma haitasimama.